Ukienda Finland, mtazame mwalimu kabla ya msitu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali wilayani Muheza, Tanga. Kupitia chuo ninachosomea shahada nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, nitakaa Jyväskylä, Finland, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Desemba. Nataka kujifunza jinsi wanavyofundisha watoto nje ya darasa, hasa msituni. Ninachoogopa ni kurudi na picha nzuri tu. Nina watoto 74 na niko peke yangu. Mkuu wa shule ameshaniambia kwamba wazazi hawaleti watoto shuleni waje kucheza matope. Niangalie nini huko, na kipi kitafaa hapa?

JIBU: Mwalimu, hongera. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hofu yako ni ya kweli. Nimewaona walimu wakirudi kutoka nje na simu iliyojaa picha, na kufika wiki ya tatu darasa limesharudi palepale lilipokuwa. Mimi mwenyewe nilikaa mji huohuo mwaka mzima wa masomo, na tangu nirudi kazi yangu ni kufundisha walimu wa awali chuoni. Miezi yako minne inatosha kabisa, ukikubali kukiona kitu kimoja mara nyingi kuliko kuona vitu vingi mara moja moja. Chagua kituo kimoja, kundi moja la watoto, mwalimu mmoja. Kaa naye. Msitu hautauweka kwenye begi ukarudi nao. Utakachoweza kubeba ni kile anachokifanya mwalimu: anachoandaa kabla ya kutoka, anachokinyamazia akiwa nje, na anachoandika akirudi ndani.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Jumanne moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, nilikuwa kwenye chumba cha kuvulia viatu cha kituo cha watoto, wenyewe hukiita päiväkoti. Watoto kama 20 wa miaka mitano na sita walikuwa wanajiandaa kutoka. Nje baridi ilikuwa nyuzi mbili chini ya sifuri, na mvua ya jana yake ilikuwa imeganda. Kila mtoto ana ndoano yake, na juu ya ndoano pamebandikwa picha za nguo kwa mfuatano: soksi za sufu, suruali ya ndani, sweta, suruali ya mpira ya matope, buti, kofia, glovu. Glovu ni za mwisho, kwa sababu ukizitanguliza huwezi kufunga zipu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi fupi, mikono magotini. Binti mmoja alikuwa anahangaika na zipu yake, nikainama nimsaidie. Mwalimu akaniwekea mkono begani taratibu, akatikisa kichwa. Tukasubiri. Nilitazama saa ya ukutani: dakika nne. Zipu ilipopanda, yule binti hakumtazama mtu. Alitoka mlangoni kama mtu mwenye shughuli zake.

Kuvaa tu kulichukua dakika 25. Nikadhani muda umepotea kabla somo halijaanza. Mchana mwalimu akanionyesha andalio lake la wiki, na kuvaa kulikuwa kumeandikwa humo kama kazi: kupanga vitu kwa mfuatano, kutumia vidole, kuvumilia jambo gumu, kumsaidia mwenzako akiomba. Anayekwenda kupiga picha huwasubiri watoto msituni, na sehemu hiyo yote ya somo inampita.

Siku hiyohiyo, njiani, mtoto wa kiume akasimama kwenye dimbwi lililoganda akapiga barafu kwa kisigino. Ikavunjika, na chini yake hapakuwa na maji, palikuwa na uwazi. Akauliza maji yamekwenda wapi. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa akinitafsiria, na kwa mafunzo niliyoyapata mimi jibu lilikuwa limeshafika ulimini: yamenywewa na udongo. Mwalimu akamuuliza, "Wewe unaonaje?" kisha akanyamaza. Wenzake wakajaa. Mmoja akasema ndege wameyanywa. Mwingine akasema maji yote yamepanda juu yakawa barafu. Wa tatu akaingiza kidole kwenye tope na kutangaza kwamba limelowa. Ndipo mwalimu akauliza kama madimbwi mengine nayo yako hivyo. Wakatawanyika kuvunja barafu na kuhesabu: manane matupu, matatu yana maji. Walipofika msituni ilikuwa imebaki nusu saa tu, na mwalimu hakuonyesha kujuta hata kidogo.

Jioni niliomba kuona daftari lake. Kulikuwa na mistari minne. Nani aliuliza. Nani alihesabu hadi kumi na moja bila kuruka. Nani alisimama pembeni muda wote bila kusema neno. Na huyo wa pembeni apewe kazi gani kesho. Ukijifunza kuandika mistari minne ya namna hiyo kila siku, safari yako imelipa.

Sasa nikupe ramani ya mambo yenyewe, maana neno "kujifunza nje" huko lina maana zaidi ya moja. Kuna kutoka kwa kila siku, uani au kwenye kiwanja cha jirani, aghalabu mara mbili kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Vituo vingi hupunguza au kuahirisha baridi inapofika nyuzi 15 chini ya sifuri. Kuna safari ya msituni, mara moja kwa wiki hivi, wakibeba vitafunwa vyao. Kuna makundi machache ambayo hukaa nje sehemu kubwa ya siku. Kuna pia vituo vya elimu ya mazingira ambavyo shule hupeleka madarasa kwa siku moja, kama Haltia, kilichofunguliwa mwaka 2013 karibu na hifadhi ya taifa ya Nuuksio huko Espoo. Wageni hupelekwa kwenye haya mawili ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayopendeza. Mimi nakushauri uweke kambi kwenye lile la kwanza. Uani, panapofanana na uwanja wako wa Muheza, ndipo utakapoona mambo unayoweza kuyafanya Januari.

Uelewe pia kinachowabeba, usije ukajilaumu bure. Kwa watoto waliotimiza miaka mitatu, sheria yao inataka mtu mzima mmoja kwa watoto saba. Misitu imefunika karibu robo tatu ya nchi, na haki ya kimila inamruhusu mtu yeyote kupita kwenye msitu wa mwingine na kuchuma matunda na uyoga bila kuomba ruhusa, mradi haharibu. Moto wa wazi ndio hauwashwi bila idhini ya mwenye ardhi. Kwetu kila kipande kina mwenyewe au kina serikali ya kijiji, na ukitaka kuwapeleka watoto Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani utapitia kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Nikitaja Amani: hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1997, na kazi ya kuuhifadhi msitu wa Usambara Mashariki ilipata msaada wa Finland kwa miaka mingi. Wafini wa umri mkubwa waliofanya kazi za misitu wanaifahamu Muheza. Usishangae ukikutana na mzee anayekuuliza habari za mto Sigi.

Watoto wao huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba. Mwaka mmoja kabla ya hapo ni wa elimu ya awali, ambayo ni ya lazima tangu mwaka 2015, na haipungui saa 700 kwa mwaka. Mtaala wa taifa huweka malengo, manispaa huandika wake juu ya huo, na njia ya kufika huchaguliwa na mwalimu. Hapa ndipo ilipo siri ya zile dakika nne za zipu. Mwalimu yule aliweza kunyamaza kwa sababu nyuma yake hakuna mtu anayemhimiza amalize mada. Ukaguzi wa shule ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walimu wa madarasa ya shule ya msingi wanatakiwa kuwa na shahada ya uzamili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na walimu wa watoto wadogo wana shahada ya kwanza. Jamii imeamua kumwamini mwalimu, na iliamua hivyo baada ya kumsomesha.

Kilima utakachokipanda kila asubuhi kwenda darasani kinaitwa Seminaarinmäki, Kilima cha Seminari. Uno Cygnaeus alianzisha hapo Jyväskylä, mwaka 1863, seminari ya kwanza ya kufundisha walimu kwa lugha ya Kifini. Kabla ya hapo alikuwa mchungaji Sitka, Alaska, wakati eneo hilo likiwa chini ya Urusi, na alizunguka Ulaya akitazama shule. Alisisitiza kwamba mikono ya mtoto nayo isome, ndiyo maana hadi leo kazi za mikono ni somo la lazima kwa wavulana na wasichana. Utawaona watoto wa miaka sita wakichonga vijiti kwa kisu. Sheria zake ni chache: keti chini, chonga kuelekea mbele, na asiwepo mtu mkono wako unapofika. Mimi niliogopa siku ya kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba watoto wa umri huohuo kwetu humenya mihogo nyumbani, na wanapofika shuleni tunawachukulia kama hawajawahi kushika kitu.

Nakuomba lakini usiende kama anayekwenda kuhiji. Mengi yanayosemwa hapa kwetu kuhusu Finland hayapo. Kazi za nyumbani zipo. Mitihani ya darasani ipo, ila mtihani wa taifa ni ule wa mwisho wa sekondari ya juu peke yake. Masomo hayakufutwa: mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 ulitaka kila mwanafunzi apate angalau mradi mmoja kwa mwaka unaounganisha masomo kadhaa, basi. Na matokeo yao yameshuka. Katika PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wanafunzi wa Finland walipata alama 548 za hisabati mwaka 2006, na mwaka 2022 walipata 484. Wao wenyewe wanajadiliana sana juu ya hilo, na tangu Agosti 2025 sheria inazuia simu wakati wa vipindi. Waulize walimu wanachohangaika nacho. Watakueleza bila kuficha, na maelezo hayo yatakufaa kuliko sifa.

Tuje Muheza. Hapa ndipo nina la kusema zaidi.

Watoto wetu wanaishi nje. Wanajua mti gani una mchwa, embe ipi imeiva bila kuigusa, mbuzi wa nani ametoroka. Kwa nini basi kujifunza nje kunaonekana jambo geni shuleni? Nimelifikiria swali hili miaka mingi, na jibu langu ni chungu kidogo: shuleni kwetu nje ni mahali pa adhabu. Mtoto akichelewa, akafyeke. Akipiga kelele, akachote maji. Darasa likishindwa hesabu, linalima. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikusudiwa kuwa sehemu ya masomo, wanafunzi wapange, walime, wapime, waone matokeo ya uamuzi wao. Katika shule nyingi nilizotembelea, limebaki jembe na kiboko. Mtoto wa awali anawaona kaka na dada zake jua la saa sita wakifyeka kwa kosa fulani, naye anajifunza mapema kwamba waliokaa ndani ndio wazuri.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ukirudi haihitaji kamba wala kitabu. Zungumza na walimu wenzako, taratibu, kwamba kile kivuli utakachokitumia kisitumike tena kumwadhibu mtu. Sehemu moja tu ya uwanja. Nimeiona shule iliyokubali jambo hilo dogo, na katika muhula mmoja watoto walikuwa wanakimbilia mahali ambapo zamani walipelekwa wakilia.

Sasa hao 74. Mwongozo wetu unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo tayari unabeba mzigo wa walimu watatu, na sitakudanganya kwamba mbinu ya Finland itaupunguza. Nikueleze nilivyoshindwa. Mwaka niliorudi niliomba shule moja inipe darasa la awali kwa wiki mbili, watoto 68. Siku ya kwanza niliwatoa wote kwa pamoja hadi kwenye miembe nyuma ya shule. Dakika kumi hazikupita, walikuwa wametawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Wawili nikawakuta barabarani, na mmoja alikanyaga siafu. Kesho yake mama yake alikuja naye, mguu umevimba, akaniuliza mbele ya watoto kama nina wa kwangu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimechukua msitu wa Finland nikaacha zile dakika 25 za kuvaa.

Siku hizi wiki ya kwanza sifundishi kitu nje. Tunajifunza mahali. Asubuhi kabla watoto hawajafika napita mwenyewe kutazama siafu, nyigu, chupa zilizovunjika na matawi makavu juu. Kisha nafunga kamba ya mkonge kutoka mti hadi mti, na vipande vya khanga kuukuu kila hatua chache ili mpaka uonekane. Tunatoka, tunatembea ukingoni mwa kamba, tunarudi. Kuna ishara moja ya kurudi, ngoma ndogo au wimbo wa kuitana wanaoujua, nasi tunaifanyia mazoezi kama mchezo hadi wote wafike kabla sijahesabu kumi. Hilo ndilo vazi letu, Mwalimu. Wao wana soksi za sufu, sisi tuna kamba na ngoma.

Wiki ya pili gawa makundi manne, mawili ya watoto 19 na mawili ya 18. Wote wako kivulini ndani ya kamba, lakini wewe unafanya kazi na kundi moja tu kwa dakika 15. Mengine matatu yana michezo yanayoijua: mdako, kuchora mchangani, kujenga nyumba kwa vifuu na makuti. Omba kupitia kamati ya shule wazazi wawili kwa zamu, siku moja tu kwa wiki, wakae ukingoni mwa kamba. Nimeona mabibi wanafaa kuliko wote. Wana muda, watoto wanawaheshimu, na bibi wa Kibondei anajua majina na matumizi ya mimea ambayo wewe na mimi hatukuyasoma popote. Siku moja mwachie bibi kundi lako, wewe ukae na daftari.

Na hizo dakika 15 ufanye nini? Chukua mfano wa kupima. Mwambie kila mtoto alete kijiti chenye urefu wa mkono wake, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa, kipimo cha wazee wetu na wauza vitambaa wa pwani. Wanaleta, wanavilaza chini vikiwa vimeelekezwa upande mmoja, ncha za chini zikiwa sawa. Hapo hapo kunazuka ubishi, kwa sababu vijiti havilingani, na kila mmoja anaapa kwamba chake ni sahihi. Usiwaamulie. Uliza tu, "Mbona havilingani?" ukanyamaze kama yule mwalimu wa dimbwi. Katika kundi moja nililokuwa nalo mtoto alisema, "Kwa sababu mikono yetu si mmoja." Mwingine akauliza kama muuza duka ana mkono mrefu au mfupi. Ukifika hapo umeshafundisha mfupi na mrefu, kupanga kwa ukubwa, na sababu ya watu kuhitaji kipimo kimoja, bila chaki. Siku nyingine fanyeni shibiri, yaani urefu wa kiganja kilichotanuliwa, na nyingine tena pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kuzunguka shina la mwembe: watoto wangapi wanaukumbatia?

Kuna jambo moja la Finland ambalo nisingependa ulihamishe bila kufikiri. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye vituo vya watoto vya Lahti na Tampere, watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano. Katika baadhi ya vituo vilivyokuwa na uwanja wa changarawe waliweka udongo na mimea ya msituni, watoto wakacheza humo kila siku. Baada ya siku 28 bakteria wa ngozini waliongezeka aina, na vipimo vya damu vilionyesha mabadiliko mazuri katika kinga ya mwili. Utausikia sana utafiti huo. Kwao ni habari kubwa, maana watoto wa mjini wametengwa mno na udongo. Wetu hawajatengwa na udongo, na udongo wetu una safura. Hapa mtoto avae viatu, hata kandambili, na maji na sabuni viwe tayari kabla hamjatoka. Hilo nalo liandike kwenye andalio, kama wao wanavyoandika kuvaa.

Kuhusu mkuu wako wa shule, nakuomba jambo ambalo huenda likakushangaza: usilitaje jina la Finland kwenye kikao cha wazazi. Ukilitaja, mjadala utakuwa juu ya Wazungu na pesa zao. Mkuu wa shule hakukosea alipokwambia wazazi hawataki matope. Mzazi anayefua kwa mkono sare moja ya mtoto ana sababu ya kuchukia matope, kwa hiyo siku ya kutoka nje iwe ile ambayo sare hufuliwa jioni, Ijumaa kwa mfano. Halafu mwonyeshe mkuu kitu anachoweza kukisimamia mbele ya mthibiti ubora wa shule: andalio la somo lenye umahiri uleule wa muhtasari, na daftari lako la mistari minne. Mwalimu wa Finland hana mkaguzi, wewe unaye, na mthibiti ubora akikuta karatasi zimekaa sawa mara nyingi ndiye anayekuwa mtetezi wako. Baada ya wiki sita mwite mkuu aje akae kivulini dakika 15 za kundi moja. Asielezwe kitu. Aone ubishi wa vijiti.

Nimalizie na mambo ya safari. Ukikaa zaidi ya siku 90 utahitaji kibali cha ukaazi, kwa hiyo shughulikia mapema. Wanafunzi wa kubadilishana hawalipi ada huko, lakini ukitamani kurudi kwa shahada nzima, fahamu kwamba wanaotoka nje ya Ulaya hulipa tangu mwaka 2017, isipokuwa wapate ufadhili. Kama unakusudia kukusanya data ya tasnifu kwenye kituo cha watoto, kibali cha utafiti huombwa manispaa na huchukua muda, basi mwandikie msimamizi wako wa huko kabla hujapanda ndege. Uliza pia kama watahitaji hati ya polisi ya nyumbani kuthibitisha kwamba huna kosa la jinai, maana kwa kazi za watoto wako makini sana. Picha za watoto huruhusiwi bila idhini ya wazazi. Lichukue hilo kama zawadi: utalazimika kuandika na kuchora.

Agosti utakuta matunda madogo ya buluu yakiishilizia msituni, Septemba mekundu, Oktoba ni tope na giza, Desemba mchana wa Jyväskylä ni kama saa tano tu: jua linachomoza baada ya saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Giza hilo linalemea moyo. Toka nje na watoto kila siku, hata siku usiyojisikia, ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Vaa kiakisi mwanga kwenye koti kama wanavyofanya wote. Usinunue jaketi Dar. Mitumba ya huko ni mizuri na bei ni nafuu, na wenyewe wanajua ipi inazuia upepo. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu, pamba ikilowa inakugandisha.

Na daftari liwe dogo, la kuingia mfukoni, pamoja na penseli mbili. Kalamu za wino hugoma kwenye baridi kali, na mtoto hatarudia swali lake ukisubiri zipate joto.